Programu za simu janja katika ufuatiliaji wa magonjwa: tunahesabu ugonjwa, au tunahesabu maamuzi ya watu?

#1 Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Nimefanya kazi na takwimu za vituo vya kutolea huduma kwa miaka kadhaa, kwanza zile zilizotoka kwenye rejesta za karatasi, kisha zile zinazotumwa kwa simu janja, na kuna jambo ambalo ningependa tulijadili kwa utulivu. Grafu ya wagonjwa inapopanda kwenye kompyuta, sisi tulio mbali na chumba cha daktari husema ugonjwa umeongezeka, na inaposhuka tunasema umepungua. Lakini simu haioni vimelea. Simu hupokea kile ambacho mtu ameamua kukiandika: mgonjwa ameona hali yake inastahili kusemwa, tabibu ameamua kwamba homa ile ni malaria na si nimonia, mhudumu wa afya ngazi ya jamii ameona kwamba vifo viwili katika kaya moja si jambo la kunyamaziwa. Kila alama inayoingia kwenye mfumo ina uamuzi wa mtu nyuma yake, na asiyejua maamuzi hayo hufanywaje hawezi kuusoma ugonjwa wenyewe.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, kituo kimoja kilionyesha taarifa za kuhara zikikoma kabisa kwa wiki tatu, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba hali imedhibitiwa. Tulipofika pale tulikuta rejesta imejaa wagonjwa. Muuguzi aliyezoea kutuma taarifa alikuwa katika likizo ya uzazi, na mwenzake aliyeshika nafasi hakuwa amepewa nywila ya programu, kwa hiyo aliandika kwa kalamu kama alivyofundishwa chuoni. Watoto waliendelea kuugua wakati wote huo, na kilichokuwa kimekoma ni utumaji tu. Tangu siku hiyo sijawahi tena kusoma ukimya kama sifuri. Sifuri ni taarifa: mtu amepitia rejesta yake, hakuona mgonjwa, akaandika hivyo. Ukimya hauna maana hiyo, na programu isiyotofautisha mambo haya mawili itampotosha hata mtaalamu makini.

Mfano mkubwa kuliko wangu unajulikana na wengi. Mwaka 2008 kampuni ya Google ilianzisha Google Flu Trends, mfumo uliokadiria kiwango cha homa ya mafua kwa kuangalia maneno ambayo watu walikuwa wakiyatafuta kwenye intaneti. Mwanzoni makadirio yake yalikaribiana sana na takwimu rasmi za Marekani, tena yalipatikana mapema zaidi. Kisha mwaka 2009 ukaja mlipuko wa virusi vya mafua vya H1N1, na wimbi lake la kwanza, lililotokea nje ya msimu uliozoeleka, mfumo haukuliona ipasavyo. Katika msimu wa 2012 hadi 2013 kosa likawa la upande wa pili, kwani makadirio yalifikia takriban mara mbili ya kile ambacho vituo vya afya vilikuwa vikiripoti. Mwaka 2015 kampuni iliacha kuyatoa kwa umma. Wapo wanaosema teknolojia ile ilikuwa mbovu. Mimi naona ilipima vizuri sana kitu ambacho hakikuwa ugonjwa, yaani udadisi na hofu ya watu, ambavyo hupanda gazeti linapoandika habari za mafua, hata kama anayetafuta neno hilo hana hata chafya.

Linganisheni na Flutracking ya Australia, mpango wa kufuatilia mafua kwa kuwauliza raia, ulioanza mwaka 2006. Mshiriki huulizwa kila wiki maswali machache tu: je, umepata homa, umepata kikohozi, umechanjwa? Thamani ya mpango huu imo katika jibu linaloonekana halina maana, la mtu anayesema kwamba hakuugua. Kwa kuwa wazima nao hujibu, mchambuzi anajua wagonjwa 40 wametokana na watu wangapi. Programu nyingi za simu hufunguliwa pale tu mtu anapougua, na kwa sababu hiyo hukusanya wagonjwa wasio na jumla ya kuwalinganisha nayo.

Karibuni tuchangie. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa wanaojaza fomu hizi mbele ya wagonjwa.

#2 Tabibu wa zamu

Nashukuru kwa uzi huu, na kwa kuwa umetuita sisi tunaojaza, nitasema ukweli wote.

Siku ya kawaida naona wagonjwa wengi kuliko muda nilio nao. Programu inataka nijaze dalili moja baada ya nyingine, kisha vipimo, kisha utambuzi wa ugonjwa, ndipo inifungulie ukurasa wa dawa. Kwa mgonjwa wa kwanza na wa pili nafanya hivyo mbele yake. Foleni inapofika mlangoni, namhudumia mgonjwa kwa akili yangu na uzoefu wangu, naandika ufupi kwenye karatasi, halafu jioni nakaa na simu na kujaza wote kwa pamoja. Nikifika kwenye swali la idadi ya pumzi kwa dakika, ambalo sikulipima kwa mgonjwa wa ishirini, programu hainiruhusu kupita bila namba. Naandika namba inayofanana na mtoto niliyemwona. Sioni fahari kusema hivi, lakini nadhani nyinyi mnaochambua mnapaswa kujua namba hizo hutoka wapi.

Jambo la pili linalonisumbua ni kwamba programu imekuja kwetu kwa jina la msaada, kisha tukasikia kwamba huko juu inatumika kupima utendaji wa kila mmoja. Mtu akijua anahesabiwa antibiotiki anazoandika, ataendelea kuziandika, ila kwenye programu atachagua ugonjwa unaoziruhusu. Hapo nimonia itaongezeka katika takwimu zenu bila mtoto hata mmoja zaidi kuugua.

#3 Mleta uzi

Daktari, umeandika jambo ambalo nimetumia miaka kulieleza bila kufanikiwa. Sentensi yako ya mwisho ndiyo kiini cha uzi wote: utendaji wa tabibu umebadilika, na mchambuzi ameuona kama badiliko la ugonjwa. Mambo haya mawili tumezoea kuyaweka katika ofisi mbili, moja ya magonjwa ya mlipuko na nyingine ya ubora wa huduma, kila moja na programu yake, ilhali data ni ile ile na mgonjwa ni yule yule.

Kwanza, kuhusu namba za jioni. Programu nyingi zinaweza kuandika saa na dakika ambayo fomu imejazwa, na mara nyingi kumbukumbu hii haitazamwi na mtu. Fomu ishirini zilizojazwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, kila moja kwa dakika mbili, zinaeleza hali ya chumba chako kuliko majibu yaliyomo ndani yake. Msimamizi mwenye haraka ataona udanganyifu. Mimi naona foleni ndefu, fomu ndefu kuliko kazi inavyohimili, na swali ambalo halikupewa jibu la "sikupima". Jibu hilo linapaswa kuwepo katika kila fomu ya kitabibu. Tukimnyima mtu nafasi ya kusema kwamba hakupima, tumemlazimisha abuni, na baada ya hapo hakuna hesabu itakayotenganisha namba ya kweli na ya kubuni.

Pili, kuhusu kutazamwa. Utafiti uliofanyika Arusha na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba ubora wa huduma za matabibu ulipanda pale mtazamaji alipoingia chumbani, kisha ukashuka taratibu kadiri walivyozoea kuwapo kwake. Matabibu wale walikuwa na ujuzi, na waliweza kuudhihirisha walipoona sababu ya kufanya hivyo. Programu ya simu nayo ni mtazamaji. Kwa hiyo takwimu za miezi ya mwanzo ya programu yoyote zinabeba bidii ya ugeni, na mtu akizilinganisha na za mwaka wa pili anaweza kudhani huduma imeharibika, kumbe imerudi mahali ilipokuwa.

Hata hivyo, sitaki ionekane kwamba programu hazina faida chumbani. Katika jaribio lililofanyika Dar es Salaam kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, watoto wenye homa wa umri wa miezi 2 hadi 59 walihudumiwa kwa mwongozo wa kielektroniki ulioitwa e-POCT, unaounganisha dalili na vipimo vinavyotoa majibu papo hapo, huku kundi jingine likihudumiwa kwa mwongozo wa kielektroniki uliotangulia, ALMANACH. Walioandikiwa antibiotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5 katika kundi la e-POCT na asilimia 29.7 katika lile la pili. Katika huduma ya kawaida iliyotazamwa kwa ulinganisho, walikuwa asilimia 94.9. Na watoto hawakudhurika kwa kunyimwa dawa, kwani ambao matibabu yao yalikuwa hayajafaulu ilipofika siku ya 7 walikuwa asilimia 2.3 kwa e-POCT na asilimia 4.1 kwa ALMANACH. Baadaye toleo lililoendelezwa lilijaribiwa katika vituo 40 nchini Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha antibiotiki zikiandikwa kwa asilimia 23.2 ya watoto katika vituo vilivyotumia programu, dhidi ya asilimia 70.1 katika vituo vya kawaida.

Nawaomba muitazame tena ile asilimia 94.9. Kama tungekuwa tunafuatilia maambukizi ya bakteria kwa kuhesabu dawa zilizotoka dirishani, tungeamini kwamba karibu kila mtoto mwenye homa ana bakteria. Wengi wao hawakuwa nao. Walikuwa na tabibu asiye na kipimo cha kumhakikishia, mzazi aliyesafiri mbali, na woga wa kumrudisha nyumbani mtoto ambaye huenda angezidiwa usiku. Ukitaka kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ni lazima uuelewe woga huo, na programu iliyotengenezwa vizuri inaweza kukuonyesha unapoanzia: ni hatua gani ya mwongozo tabibu huiruka, ni ushauri upi huukataa, na ni ukurasa gani huufungua mara tatu kwa mgonjwa mmoja. Matabibu wa eneo moja wakianza kufungua kwa wingi ukurasa wa dozi za dawa kwa mtoto mchanga mwenye homa ya uti wa mgongo, hiyo inaweza kuwa dalili ya awali ya mlipuko. Inaweza pia kuwa kwamba jana walikuwa na semina. Anayejua kwamba semina ilifanyika ataitafsiri alama hiyo sawasawa, na asiyejua atapiga king'ora.

#4 Fundi mifumo

Mimi ni mtengenezaji wa programu, si mtu wa tiba. Nakubaliana na mengi, lakini nina shaka mbili.

Ya kwanza: unataka kumbukumbu za saa, za kurasa zilizofunguliwa, za ushauri uliokataliwa. Kitaalamu ni rahisi sana kuzikusanya. Lakini je, tabibu ameambiwa kwamba zinakusanywa? Mgonjwa je? Mwaka 2020 Singapore ilianzisha TraceTogether kwa ajili ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa wa UVIKO-19, na watu walielezwa kwamba data zingetumika kwa kazi hiyo. Januari 2021 ikabainika kwamba polisi wangeweza kuzitumia katika upelelezi wa makosa ya jinai, na mwezi uliofuata ikabidi sheria itungwe kuwawekea mipaka, kwa kuyataja makundi saba tu ya makosa makubwa. Imani ikishavunjika hivyo, hakuna toleo jipya la programu litakaloirudisha.

Ya pili: mbona umezungumzia data zinazoandikwa kwa mkono tu? Siku hizi simu inaweza kupima umbali kati ya watu kwa Bluetooth bila mtu kuandika chochote. Hapo uamuzi wa mtu uko wapi?

#5 Mleta uzi

Fundi, shaka yako ya kwanza ni ya haki, na sina jibu laini. Msimamo wangu ni kwamba kumbukumbu za utendaji zisomwe kwa kituo au kwa kundi, zisisomwe kwa jina la mtu, na tabibu awe wa kwanza kuonyeshwa zake mwenyewe kabla ya mkubwa wake. Kama mkataba huo hauwezekani, ni afadhali zisikusanywe kabisa, kwa sababu alilosema Daktari hapo juu litatokea: watu watajaza kile kinachowalinda.

Kuhusu Bluetooth, uamuzi upo. Umehama tu mahali pake. Aprili 2020 Apple na Google walitangaza mfumo wa pamoja ambao simu hubadilishana namba za siri zinazobadilika, bila orodha ya waliokutana kukaa katika hifadhi moja kuu. Programu ya England na Wales iliyotumia mfumo huo ilitolewa Septemba 2020, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba hadi mwisho wa Desemba ilikuwa imetuma taarifa za tahadhari takriban milioni 1.7, ikiwa na watumiaji wa mara kwa mara wapatao milioni 16.5. Ilizuia maambukizi mengi, kwa mujibu wa uchambuzi huo. Lakini katika kila hatua kulikuwa na mtu aliyeamua: aliyekubali kuipakua, aliyekwenda kupima, aliyekubali kuingiza majibu yake, na aliyepokea tahadhari akabaki nyumbani kweli. Majira ya joto ya 2021 tahadhari zilipokuwa nyingi mno, watu walianza kuifuta au kuizima, na mwezi Agosti kanuni yake ikabadilishwa ili itazame siku mbili nyuma badala ya tano kwa mgonjwa asiye na dalili. Chombo kilikuwa kikifanya kazi kama kilivyoundwa. Uvumilivu wa watu ulikuwa umefika kikomo, na kanuni ya kitabibu ililazimika kuufuata.

Hapo pana hesabu ambayo kila mtengenezaji wa programu ya dalili angepaswa kuifanya kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Tuseme ina watumiaji 100,000, na wiki hii 100 kati yao wana ugonjwa tunaoutafuta. Dodoso ni zuri: linawatambua wagonjwa 90 kati ya 100, na kwa wasio na ugonjwa linakosea kwa watu 5 tu katika kila 100. Wasio na ugonjwa ni 99,900, na asilimia 5 yao ni 4,995. Jumla ya tahadhari ni 5,085, na za kweli ni 90, yaani chini ya 2 katika kila 100. Dodoso hilo hilo, likitumika katika wodi ambayo nusu ya wagonjwa wanao ugonjwa huo, litakuwa chombo cha kutegemewa. Ubora wa dodoso haukubadilika; waliolijibu ndio waliobadilika.

#6 Msomaji

Nimefuatilia kwa makini. Swali langu ni la mtu wa kawaida: kama kila kinachoingia kwenye simu ni uamuzi wa mtu, na maamuzi yana makosa, basi raia asiye na elimu ya tiba ana nafasi gani? Kuna faida yoyote sisi kuripoti?

#7 Mleta uzi

Ndugu msomaji, ipo, na pengine ni kubwa kuliko ya sisi wengine wote, kwa sababu ninyi huona mambo ambayo kituo cha afya hakijayaona bado.

Machi 2020 watafiti wa King's College London pamoja na kampuni ya ZOE walitoa programu iliyowaomba watu waeleze hali zao kila siku. Ndani ya mwezi mmoja washiriki walizidi milioni 2.6. Miongoni mwa waliokuwa wamepimwa virusi vya UVIKO-19, asilimia 65 ya waliokutwa navyo walisema wamepoteza uwezo wa kunusa au kuonja, dhidi ya asilimia 22 hivi ya waliokutwa hawana. Tarehe 18 Mei mwaka huo Uingereza iliiongeza dalili hiyo katika orodha yake rasmi. Raia walikuwa wameiona kabla ya mwongozo kuitambua. Nitaongeza tahadhari moja tu: waliopata kipimo wakati ule hawakuwa kila mtu, kwani vipimo vilikuwa haba, na baada ya dalili kutangazwa watu walianza kuitazamia. Data za Aprili na data za Juni, ingawa swali ni lile lile, hazifanani.

Ripoti ya raia ifanywe tetesi kwa maana ya kitaalamu ya neno hilo, yaani habari inayostahili kuhakikiwa, isiyodharauliwa wala kuhesabiwa bado kama mgonjwa. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinaitaka nchi kutoa taarifa kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini kwamba tukio linaweza kuwa dharura ya kimataifa. Saa hizo huanza kuhesabiwa baada ya tathmini. Siku zinazopotea huwa ni zile zilizo kabla yake, kati ya jirani aliyeona na mtaalamu aliyefika, na hapo ndipo simu inapookoa muda.

Katika mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi, uliohesabiwa kuwa na wagonjwa zaidi ya 28,600 na vifo zaidi ya 11,300, kila aliyekutana na mgonjwa alipaswa kutazamwa kwa siku 21, na karatasi hazikuweza kubeba kazi hiyo. Uzoefu wa Nigeria wa mwaka 2014 ndio uliozaa SORMAS, mfumo ulioandaliwa na kituo cha Helmholtz cha Ujerumani pamoja na wataalamu wa Nigeria, ambamo taarifa ya mgonjwa, sampuli ya maabara na orodha ya waliokutana naye hukaa pamoja. Ninachokipenda humo ni kwamba umejengwa juu ya kazi za watu: mtoa taarifa, mfuatiliaji, mtu wa maabara, msimamizi, kila mmoja ana ukurasa unaolingana na anachokifanya. Hivyo mfumo unabeba ugonjwa na kazi ya watu kwa pamoja, na ukitazama mahali sampuli zinapokwama unajua ni nani wa kupelekewa msaada.

Daktari ameniuliza kwa ujumbe wa faragha, na ameniruhusu nijibu hapa, ningependa kipi kibadilishwe kwanza katika programu anayoitumia kama ningepewa jambo moja. Mimi ningemwongezea kitufe cha "sikupima" leo hii. Na kabla ya wiki kuisha ningemrudishia grafu ya wagonjwa wake mwenyewe, ili aitazame na kutuambia wapi tumekosea kuisoma.